Milimita Tatu

Jikoni kwa Bi. Hepworth, mtaa wa mteremko, Halifax,
vigae ni vya rangi ya chungwa na kahawia,
vya mwaka sabini na nane,
na mwanawe Clive, anayetaka nyumba iuzike kabla ya Pasaka,
ametaka vifunikwe vyote. Kijivu, alisema,
kijivu cha wingu.
Nikachungulia dirishani.
Halifax haina uhaba wa rangi hiyo.

Kazi yangu ni kufunika bila kubomoa.
Saruji laini kama unga wa sembe,
na badala ya maji matupu, maziwa meupe ya polima
yanayoifundisha saruji jambo ambalo haikuzaliwa nalo:
kunyumbuka.
Tabaka, wavu, tabaka, tabaka, vanishi,
milimita tatu zote pamoja.
Marehemu bibi yangu, aliyetwanga sakafu ya chokaa kwa magongo
yeye na wanawake wenzake kutwa nzima,
angeniuliza: hiyo nayo ni sakafu, au ni poda?

Kwanza niligonga. Kigae kimoja kimoja, kwa mpini wa mwiko,
sikio chini kama daktari wa kifua.
Kigae kizima hujibu kwa mkato.
Kilichoachia huitika kama mtungi.
Na ufa, basi. Kila mtu ananitajia methali:
usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sawa. Lakini methali haikusema chochote
juu ya anayeupaka ufa rangi ya wingu akaenda zake.
Ufa una subira. Utarudi palepale
kama mdai anayeujua mlango.

Kwenye kona ya stoo, vigae sita viliitika.
Nikaviinua. Chini yake, katika simenti kavu,
mistari ya mwiko wa meno
imepinda upande usiotarajiwa.
Naujua mpindo huo. Mimi mtu wa mashoto,
na kwa miaka kumi na tisa mafundi wenzangu wananicheka kwao.
"Mumeo," nikamwambia, "naye alikuwa wa mashoto."

Bi. Hepworth akaiweka birika chini.
"Desmond? Mgongo ulimshinda Desmond siku ya pili.
Kona hiyo, na chini ya jiko, mpaka huko mlangoni,
niliweka mimi, na Clive tumboni, miezi sita.
Watu walipokuja kusifu, walimsifu yeye.
Akanyamaza. Nami nikanyamaza.
Unatia sukari ngapi?"
Mbili, nikasema.

Siku ya nne, hita mbili zikinguruma,
mita ya unyevu imekubali kwa shingo upande,
nilikuwa nimepiga magoti kwenye tabaka la mwisho
aliposimama nyuma yangu kwa soksi.
Hakuomba. Alinyoosha mkono tu, wa kushoto.
Nikampa mwiko.
Miaka sabini na tatu, goti moja la chuma,
alishuka polepole kama mtu anayeingia maji ya baridi
na akapitisha mara moja, kona ileile:
mpito mrefu, ulioanza kwa woga, ukakaza katikati,
ukaisha kwa ule mzunguko wa kifundo cha mkono
ambao mimi mwenyewe sijaweza kumfundisha mwanagenzi yeyote.

Kesho yake nilipopiga msasa, nilipazunguka.

Clive alikuja Ijumaa, funguo za gari mkononi.
"Maridadi," alisema. "Maridadi kabisa. Ila pale konani,
mwanga ukija kwa ubavu, kuna wimbi."
Nikamtazama mama yake.
Alikuwa anatazama nje, lile wingu la bure.
"Ni mtindo," nikasema. "Wengine huulipia zaidi."
Akachuchumaa, akapitisha kidole gumba juu yake,
mara moja, halafu tena,
halafu simu yake ikalia.

Kwenye ankara niliandika mifuko minne, wavu, vanishi, siku tano.
Mlangoni Bi. Hepworth alinivuta mkono wa koti,
akauliza kwa sauti ya chini
kibarua siku hizi hulipwa pauni ngapi kwa kutwa,
maana, alisema,
kuna mtu anadai tangu sabini na nane.